Malori ya Zamani Yanayopiga Kazi Hadi Leo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Niliingia kwenye malori nikiwa utingo wa baba mdogo, tukipakia mbao Mafinga na kuzishusha Dar es Salaam. Leo nina Scania mbili na Fuso moja, zote za umri wa kuamkiwa shikamoo, na zote zinabeba mchanga na kokoto mkoani Pwani. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa kijiweni, gereji na kwenye simu usiku. Nimeyapanga kuanzia ya mwanzo kabisa hadi yale ya mtu ambaye tayari gari limemlalia njiani. Jibu likihusiana na jingine nitakutajia namba yake.

## Ya kuanzia

1. Lori likiwa na miaka mingapi ndipo linaitwa la zamani?

Gereji hatuhesabu miaka, tunaangalia injini. Kuna gari ambalo pampu yake ya mafuta inazungushwa na gia na fundi anairekebisha kwa mkono, na kuna gari ambalo mafuta yake yanaamuliwa na kompyuta. La kwanza ndilo la zamani, hata kama rangi inang'aa. Kwa Scania, 111 iliyoanza 1974, 112 iliyofuata 1980 na 113 ya 1988 zimo humo bila ubishi. 124, iliyokuja na toleo la 1995, iko mpakani: zipo za pampu ya kawaida na zipo za kompyuta, kwa hiyo uliza kabla hujatoa hela.

2. Ni aina zipi bado zinaonekana kazini?

Tanzania ni Scania za pua na za uso bapa, Fuso (ile yenye ekseli mbili nyuma watu huiita tandamu), Isuzu, Canter, na hapa na pale Tata 1210 au Mercedes ya pua fupi. Bedford bado zipo, hasa kwenye mawe, tofali na kuni, lakini nyingi zimebaki Bedford kwa jina tu: injini ya Isuzu, giaboksi ya Fuso, kabini ndiyo yake. Kenya ukienda kwenye machimbo ya mawe ya kujengea utakuta hali hiyo hiyo.

Tata ni habari yenye utamu wake. Kampuni hiyo ya India ilianza malori 1954 kwa ushirikiano na Daimler-Benz uliodumu hadi 1969, ndiyo maana ukiiweka 1210 pembeni ya Mercedes ya zamani utaona udugu. Mafundi wakongwe waliujua udugu huo kwenye spea kabla ya kuusoma popote.

3. Yalifikaje huku?

Kwa mawimbi. Bedford na Leyland zilikuja na Waingereza, na Kenya ikaendelea kuunganisha baadhi yake baada ya uhuru. Fiat zilikuja kwa sababu ya siasa: Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru, njia ya kusini ya Zambia ikawa ya mashaka, na mafuta ya Zambia yakaanza kupita Dar es Salaam kwa barabara ya vumbi na matope. Fiat 682 ndizo zilizosukuma mapipa kwenda na shaba kurudi, mpaka bomba la TAZAMA lilipokamilika 1968 na reli ya TAZARA ilipofuata katika miaka ya 1970. Fiat zile zilikuwa na usukani kulia hata nyumbani kwao Italia, kwa hiyo huku zilifika kama zilizoagizwa maalumu.

Scania zilipata mizizi kwa sababu ziliunganishwa hapa hapa, kwenye kiwanda cha TAMCO Kibaha. Mafundi wengi walijifunza kazi kwenye gari jipya la kampuni za umma na ujuzi ule ukashuka hadi gereji bubu. Baada ya biashara kufunguliwa, miaka ya mwishoni mwa 1980 na kuendelea, wakaja Wajapani, kisha mitumba ya Uingereza ambayo nayo ina usukani upande wetu.

4. Kwa nini mtu asinunue jipya tu?

Kwa sababu benki haikopeshi mchanga. Lori jipya linataka rejesho kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe, na kazi za mchanga, tofali, mahindi na pamba ni za msimu. Lori la zamani lililokwisha kulipiwa linaweza kulala wiki mbili chini ya mwembe bila mtu kupiga simu. Hiyo ndiyo faida yake kubwa, na watu wengi hawaitaji wanapopiga hesabu. Upande wa pili wa hesabu uko swali la 22.

## Kununua

5. Nikienda kuliangalia, nianze na nini?

Anza chini, malizia juu. Wauzaji wanajua mnunuzi anaanza na kabini, ndiyo maana kabini hupakwa rangi.

Lala chini ya gari na tochi. Fuata chesisi pande zote mbili, hasa nyuma ya kabini, kwenye mabano ya springi na, kama ni tipa, pale jeki inaposukumia. Tafuta ufa, tafuta ulehemu wa zamani, tafuta rangi mpya mahali pamoja tu. Chesisi ndiyo gari. Injini unaweza kubadilisha kwa siku mbili. Chesisi iliyopinda itakula tairi na kuvunja springi kila msimu.

Halafu injini. Omba uikute ya baridi, maana ikishapashwa moto kabla hujafika kuna kitu kinafichwa. Iwashe, iache ingurume, fungua kifuniko cha kumiminia oili. Moshi ukipumua taratibu si neno. Ukisukuma kama mvuke wa sufuria ya maharage, ringi za pistoni na laineri (kuta za silinda) zimekwisha. Fungua na rejeta kabla haijapata moto: mapovu yanayopanda mfululizo maana yake gasketi ya hedi inavujisha, au hedi yenyewe imepasuka.

Mwisho lipeleke barabarani likiwa na mzigo. Gari tupu halisemi ukweli. Difu, zile gia za ekseli ya nyuma, inalia ikibebeshwa, giaboksi inatema gia mlimani. Muuzaji akikataa lisibebe hata tripu moja ya mchanga, muage kwa heshima.

6. Gari la namba A ni kuukuu kuliko la namba D?

Hapana. Herufi inaonyesha lini gari lilisajiliwa Tanzania. Lori lililotengenezwa miaka ya 1980 likaingia bandarini baada ya kuzunguka Uingereza miaka ishirini linaweza kuvaa namba mpya kuliko la jirani ambalo ni dogo lake. Soma kibati cha kiwandani na namba iliyogongwa kwenye chesisi, ulinganishe na kadi.

7. Injini iliyofungwa siyo iliyoandikwa kwenye kadi. Kuna tatizo?

Lipo, nalo ni lako ukishanunua. Kubadilisha injini ni kawaida, ila mabadiliko yanatakiwa yaingizwe TRA (mamlaka ya mapato) ili kadi na gari viongee lugha moja. Mwambie muuzaji amalize hilo kabla ya kubadilisha umiliki. Namba ya chesisi ikiwa imesagwa au kugongwa upya, ondoka, hata kama bei ni ya bure.

8. Scania ya zamani au Fuso?

Inategemea mzigo na umbali. Scania ya injini ya lita 11 haichoki mlimani na inavumilia, lakini ikiwa tupu bado inakunywa kama iliyojaa, na kila spea yake ina uzito na bei ya kichwa kikubwa. Fuso zenye injini za 6D14 hadi 6D17 ni nyepesi, zinapita vichochoroni, na spea zake zinapatikana hata Ifakara. Kwa mchanga wa kilomita 30 mimi ningechukua Fuso. Kwa mahindi ya Songea kwenda Dar, Scania. Ukiwa na kazi ndogo ndogo za mjini, acha vyote viwili ununue Canter yenye 4D33, utalala usingizi.

9. Naweza kuagiza la zamani kutoka nje?

Kenya hairuhusu mtumba uliozidi miaka minane kuingia. Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018. Tanzania ina ushuru wa uchakavu, hivyo bei uliyoiona mtandaoni siyo bei ya Dar. Mpe wakala wa forodha mwaka wa kutengenezwa akupigie hesabu yote kwanza, halafu ndipo umtumie muuzaji pesa. Lililo tayari nchini, lenye kadi safi, mara nyingi ndilo rahisi zaidi.

## Gereji

10. Kwa nini fundi wa chini ya mti analitengeneza la zamani lakini jipya linamshinda?

Kwa sababu dizeli ya zamani ikishawaka haihitaji umeme ili iendelee kuwaka. Pampu inasukuma mafuta, nozeli inayapuliza, mgandamizo wa hewa unayawasha. Nyingine unazima kwa kuvuta waya tu. Kila kosa lina sauti, moshi au joto, na fundi anavisoma kwa sikio, jicho na kiganja. Moshi mweusi ni mafuta kuzidi hewa: anza na chujio la hewa. Wa bluu ni oili inaungua. Mweupe usiokoma, wenye harufu ya dizeli, ni mafuta yasiyowaka sawasawa; ukiwa na maji yanayopungua kwenye rejeta, rudi swali la 5.

Gari la kompyuta likigoma Mikumi linasubiri mtu mwenye mashine kutoka mjini. Hiyo siyo kusema ni baya. Linakula mafuta kidogo na linavuta vizuri, ila limetengenezwa likitegemea barabara yenye watu wa namna hiyo kila kilomita chache.

11. Spea napata wapi, na nitajuaje feki?

Dar ni Kariakoo na Gerezani, Nairobi ni Kirinyaga Road, Kampala ni Kisekka. Vitu vikubwa kama giaboksi, difu na injini nzima huja mitumba, nyingi zikipitia Sharjah, ambako malori ya Ulaya na Japani hukatwa vipande na kusafirishwa.

Ushauri wangu huwaudhi wenye maduka: kwa beringi, chuma cha usukani na vitu vya breki, spea mtumba orijino ni bora kuliko mpya usiyoijua. Iliyotumika Ulaya miaka kumi imeshathibitisha kwamba ni chuma. Mpya ya bei poa inathibitishia kwenye gari lako. Niliwahi kununua beringi za gurudumu la mbele kwenye duka ambalo sitalitaja, boksi zuri, lebo nzuri, na wiki ya pili gurudumu lilikuwa linacheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Kwa chujio, gasketi na mipira, nunua mpya daima, ya duka linalokuandikia risiti.

Kisichopatikana kabisa kinakerezwa. Mpelekee fundi wa kukereza kile cha zamani hata kama kimevunjika vipande, usimpelekee maelezo.

12. Nitoe thamostati, kile kidude kinachofungulia maji ya injini kwenda rejeta, ili injini isichemke?

Usitoe. Najua kila gereji wanaitoa. Injini inayofanya kazi ikiwa baridi inakula mafuta, inachafua oili na kumaliza laineri mapema. Na kwa injini ambazo thamostati ndiyo inaziba njia ya mkato ya maji, ukiitoa maji yanazunguka bila kupita rejeta na gari linachemka zaidi. Kama linachemka, osha rejeta, angalia mkanda wa feni na pampu ya maji, kisha jiulize unaweka maji gani. Maji ya kisima yenye chumvi, kama ya maeneo mengi ya Dar, yanajenga magadi ndani na kutoboa laineri kutokea nje. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye pipa ni dawa ya bure. Dawa ya rejeta ni bora zaidi.

13. Linakula oili. Nifanye ovahoo (kuifungua injini na kuifanya upya) sasa au nisukume?

Kwanza hakikisha linakula, siyo linavuja. Weka boksi la karatasi chini yake usiku, asubuhi uone. Kama halivuji na unaongeza oili kila siku ya kazi, umeshaanza kulipia ovahoo kwa awamu bila kuipata. Panga uifanye kazi zikiisha, siyo katikati ya msimu. Ukifungua, fungua yote: laineri, pistoni, ringi, beringi za krenki, hedi ipimwe. Kubadilisha ringi peke yake ndani ya laineri iliyoisha ni kuvalisha shati jipya juu ya mwili usiooga.

Oili namba 40 ndiyo iliyozoeleka kwenye injini hizi na inafaa kwenye joto la pwani. Makambako Julai asubuhi utaiona inavyotoka kama asali.

14. Gari limezima ghafla, linazunguka lakini haliwaki. Limevuta upepo?

Mara nyingi ndiyo. Hewa ikiingia kwenye bomba la mafuta, pampu inasukuma hewa badala ya dizeli. Legeza skrubu ya juu ya chujio, pampu kwa mkono mpaka mapovu yaishe na mafuta yatoke mfululizo, kaza, halafu fanya vivyo hivyo kwenye pampu yenyewe. Likiwaka likazima tena baada ya kilomita chache, hewa inaingia mahali: washa ya shaba, mpira uliochoka, au tangi lilikwisha mafuta na dereva hataki kusema.

15. Chesisi imepasuka. Inachomelewa?

Inachomelewa, lakini si kwa fundi wa madirisha. Ufa unatobolewa tundu dogo kwenye ncha yake ili usiendelee, unachimbwa, unajazwa, unasawazishwa, kisha unawekewa kipande cha kuimarisha ambacho ncha zake zimekatwa mshazari. Kipande kilichokatwa wima kinahamisha ufa: mwaka kesho utapasuka pembeni yake. Chomoa waya za betri kabla ya kuanza. Na utafute kilichoupasua, ambacho kwa kawaida ni jibu la swali la 18 au la 19.

16. Mafuta yaliyochakachuliwa yanaharibu nini hasa?

Pampu. Vyuma vya ndani ya pampu vinalainishwa na dizeli yenyewe inayopita. Ukiichanganya na mafuta ya taa, ambayo ni makavu, vinasagana. Gari linaanza kukosa nguvu likiwa na moto, asubuhi linasumbua kuwaka, na fundi pampu anakuambia vyuma vimekwaruzwa. Uchakachuaji ulikuwa balaa hadi EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, ilipoanza kuweka vinasaba (alama ya kutambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010, na bei ya mafuta ya taa ilipopandishwa kodi mwaka uliofuata faida yake ikapungua. Leo hatari kubwa ni madumu ya barabarani, yale yanayouzwa rahisi. Fahamu pia yametoka kwenye tangi la nani. Kesho litakuwa lako.

## Barabarani

17. Nishuke vipi Kitonga au Sekenke na gari la zamani lenye mzigo?

Baba mdogo alikuwa na sheria moja: shuka na gia uliyopandia. Ngoma za breki zikikanyagwa mfululizo zinapata moto, zinatanuka, na mshiko unapotea hata upepo ukiwa umejaa. Dereva anakanyaga, geji inasema sawa, gari linaendelea kwenda. Kinachoitwa kufeli breki kwenye habari mara nyingi ni hiki, na kilianza juu kabisa ya mlima, pale dereva alipochagua gia kubwa au alipotoa gia ili aokoe mafuta ya shilingi elfu chache.

Kwa hiyo simama kabla ya mteremko. Pima breki kwa kuzima injini, ukanyage, usikilize: sauti ya *sss* inayoendelea ni mpira au busta inavuja. Mwaga maji kwenye tangi la upepo. Hilo ni la kila asubuhi, maji yale yanatia kutu vali na kuchukua nafasi ya hewa. Hakikisha breki zimebanwa sawasawa magurudumu yote, maana lililolegea linaachia wenzake kazi. Usiondoke geji ikiwa chini ya bar 6. Kisha ingiza gia ndogo, eksozi breki (inayobana moshi ili injini ishike gari) kama ipo, na kanyaga kwa vipindi: kanyaga kwa nguvu, punguza mwendo, achia, ngoma zipoe.

Malori yaliyokuja baadaye yana breki ya springi inayojibana upepo ukiisha. Ya zamani sana hayana. Jua lako liko kundi gani, na kama halina, milima mirefu siyo kazi yake tena. Lipe mchanga wa tambarare.

18. Nibebe kiasi gani?

Sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito, ya mwaka 2016, inaruhusu lori la ekseli mbili tani 18 na la ekseli tatu tani 26, gari na mzigo pamoja. Uzito mkubwa kabisa ni tani 56 kwa ekseli saba. Gari lako la ekseli mbili likiwa na tani 7 tupu, umebaki na 11. Sasa mchanga uliolowa unakaribia tani 2 kwa meta moja ya ujazo. Bodi la meta saba likijaa umeshapita, na macho hayaoni tofauti ya mchanga mkavu na uliolowa. Mizani ya Vigwaza inaona.

Kumbuka pia kwamba sheria inapima barabara, haipimi afya ya gari lako. Lori lenye miaka arobaini halina tena mwili wa siku lilipopewa tani hizo. Mimi nakata kidogo chini.

19. Niongeze pleti za springi?

Ukiongeza, springi haitavunjika, itavunjika chesisi. Badilisha zilizochoka zirudi idadi ya kiwandani na ukaze vizuri boliti za kushikia.

20. Tairi za ringi 20 zenye pete ni hatari?

Ni hatari kuliko watu wanavyoamini. Ile pete ya chuma inayofunga pembeni ya ringi, ikiwa na kutu au haijakaa vizuri, inaweza kuruka wakati wa kujaza upepo na kumuua mtu. Ijaze ikiwa imefungwa mnyororo au imelazwa pete ikitazama chini, kwa mpira mrefu, na mtu asisimame mbele yake. Pete iliyopinda haigongwi nyundo ikae, inatupwa. Tairi vipara sizijadili.

21. Nikiharibikiwa, matawi ya majani yanatosha?

Kila dereva anajua majani barabarani yana maana gani, lakini sheria inataka pembetatu za kuakisi mwanga, na usiku majani hayaonekani mpaka umeyakanyaga. Weka vyote, mbali nyuma, na mbali zaidi kama ni kona. Na tafadhali, ukiondoka ondoa mawe uliyowekea tairi. Mwenye bodaboda anayekuja saa nne usiku hajui ulikuwa na pancha hapo mchana.

Hapa niongezee wale wanaolaza gari mteremkoni ili walishtue asubuhi kwa sababu stata imekufa. Gari la breki za upepo lililolala lina tangi tupu asubuhi. Linapoanza kuserereka huna breki mpaka injini iwake ijaze. Tengeneza stata.

## Hesabu na watu

22. Kwa kweli linalipa?

Linalipa kama unahesabu siku za kulala. Watu huhesabu tripu, wakatoa mafuta na posho, wakaona faida. Daftari langu lina safu nne: mafuta, watu, gereji, na siku ambazo gari halikutoka. Ile ya nne ndiyo inayoamua. Tuseme tripu tatu kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Siku nane za gereji zimeondoka na tripu 24, na fundi bado hujamlipa.

Ndiyo maana lori la zamani linafaa safari fupi karibu na gereji yake. Likilala Kibaha fundi anafika kwa bodaboda. Likilala Tunduma na nyanya za watu, umelipa fundi, nauli ya spea, nyanya, na jina lako kijiweni.

23. Bima?

Bima ndogo, ya kulinda wengine, ni lazima. Bima kubwa kwa gari la umri huu kampuni nyingi husita, au hutaka likaguliwe na kupewa thamani ambayo haitakufurahisha. Mzigo una bima yake, ulizia kando. Na gari la mizigo la kukodisha linahitaji leseni ya LATRA, mdhibiti wa usafiri wa ardhini.

24. Nimpe dereva gani?

Mpe anayesikia. Dereva wa lori jipya anasubiri taa iwake. Wa zamani anajua harufu ya klachi kabla haijaungua. Mlipe vizuri, maana tajiri anayepunja posho analipa tofauti hiyo kwenye mafuta yanayonyonywa usiku. Na usimdharau utingo. Ndiye anayegonga tairi kwa rungu kila mnaposimama, ndiye anayeweka jiwe, na baada ya miaka mitano ndiye fundi wako.

## Likifika mwisho

25. Lini niachane nalo?

Chesisi ikipasuka mara ya pili mahali pale pale, au, kwenye daftari la swali la 22, hasara ya siku za kulala ikizidi hela ya mafuta miezi mitatu mfululizo. Usingoje life, maana lori linalotembea linauzwa kama lori na lililokufa linauzwa kwa kilo.

26. Likifa kabisa inakuwaje?

Hakuna kinachotupwa. Injini nzima inakwenda kwenye mashine ya kusaga au pampu ya maji ya mpunga. Ekseli inakuwa tela la trekta. Springi zinafika kwa mhunzi, zinatoka shoka na panga. Ringi moja ya Bedford ya baba mdogo inaning'inia kwenye mwembe wa shule ya msingi ya kijijini kwetu, na inagongwa kwa kipande cha chuma kila saa moja na nusu asubuhi.

Kabla ya kuuza vipande, rudisha kadi na vibao vya namba TRA gari lifutwe kwenye usajili. Vibao vyako vikitembea kwenye gari la mtu mwingine, faini zitakuja kwa jina lako.